UZI: Aliyetoa ametoa. Mbona hakifiki? Historia fupi ya viungo vinavyopotea Nairobi

1/ Kila mjadala wa afya ukipamba moto hapa mtandaoni, hoja tatu lazima zitokee. Ya kwanza: "Wakenya hawatoi viungo kwa sababu ya mila." Ya pili: "Tubadilishe sheria, kila anayekufa ahesabiwe mtoaji." Ya tatu: "Serikali inunue mashine." Nimezisikia kutoka pande zote, kwa hivyo leo sitaji mtu wala chama. Nataka tupitie historia, kwa sababu kuna kitu hoja zote tatu zinakiruka: kiungo ambacho mwenyewe alishakubali kukitoa, halafu kikaharibika bila kumfaa mtu. Kaeni vizuri, uzi ni mrefu.

2/ Nianze na deni langu. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alituambia zaidi ya mara moja mezani kwake Kangemi kwamba akifa macho yake apewe mtu. Alikuwa akisema huku anacheka, lakini hakuwa anatania. Akafariki Ijumaa usiku katika hospitali moja ya hapa jijini. Mama akamwuliza muuguzi, "Sasa tunampigia nani?" Muuguzi hakujua. Daktari wa zamu naye hakujua. Asubuhi mwili ulikuwa mochari. Jumatatu ndipo tukapata namba, na aliyeshika simu akatuambia kwa upole, poleni sana, muda umepita.

3/ Muda gani? Hapa ndipo wengi wetu hatujafundishwa. Konea ni ile ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, kama kioo cha saa ya mkono. Haina mishipa ya damu, kwa hivyo inaweza kuchukuliwa hata baada ya moyo kusimama, lakini ndani ya saa chache: kwa kawaida kama 12, au hadi 24 mwili ukiwa umepozwa mapema. Ikishawekwa kwenye maji yake maalum kwa baridi ya nyuzi 4, inakaa hadi siku 14. Figo ikiwa kwenye barafu inavumilia saa 24 hadi 36. Ini ni kama saa 12. Moyo ni saa 4 hadi 6 tu. Kwa hivyo familia ikisema ndiyo, saa imeshaanza kuhesabu.

4/ Na hizo saa zimepiganiwa miaka mingi. Mwaka 1905 daktari Eduard Zirm alipandikiza konea ya kwanza iliyofaulu, kule Olomouc, leo Jamhuri ya Cheki. Konea ilitoka kwa mvulana aliyekuwa hai, ambaye jicho lake lililazimika kutolewa. Miaka ya 1930 Vladimir Filatov wa Odessa akaonyesha kwamba konea ya maiti inafaa. Mwaka 1944 benki ya macho ya kwanza ikafunguliwa New York. Lakini jicho zima lililowekwa kwenye chupa lilidumu siku moja au mbili tu. Ni mwaka 1974 ambapo McCarey na Kaufman walitengeneza maji ya kuhifadhia konea kwa siku kadhaa. Hapo ndipo ilipowezekana konea kupanda ndege na kwenda kwa mgonjwa aliye mbali.

5/ Figo nayo ina safari yake. Boston, 1954: figo ya kwanza iliyofaulu ilitoka kwa pacha aliye hai kwenda kwa pacha mwenzake. Cape Town, Desemba 1967: dunia nzima inakumbuka moyo aliopandikiza Christiaan Barnard. Wachache wanakumbuka kwamba figo ya mtoaji yule yule, Denise Darvall, ilipewa mvulana wa miaka 10 ambaye sheria za ubaguzi za huko hazikumhesabu kuwa mzungu. Mwaka 1969 Geoffrey Collins akachapisha fomula ya maji baridi iliyoweza kuitunza figo kwa saa 30. Ukiangalia vizuri, hatua kubwa za fani hii hazikuwa za kisu peke yake. Nyingine zilikuwa za kupunguza kile kinachoharibika njiani.

6/ Sasa turudi nyumbani. Kuna anayesema ati Kenya haikuwahi kuwa na sheria. Sio kweli. Sheria ya Tishu za Binadamu, Sura ya 252, iko vitabuni tangu miaka ya 1960, miaka michache tu baada ya uhuru. Iliruhusu mtu aombe mwili wake, au sehemu yake, itumike kwa tiba akishafariki. Na kufikia miaka ya 1980 figo zilikuwa zinapandikizwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kwa hivyo miaka ile ile sheria ilikuwepo na madaktari walikuwepo. Shida ilikuwa katikati: nani anamjulisha nani, lini, na kwa ruhusa ya nani.

7/ Swali la ruhusa lilijibiwa mahali ambapo hakuna aliyetarajia: kwenye kesi ya mazishi. Wakili S.M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake alisema marehemu alitaka kuzikwa kwenye shamba lake la Upper Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema mwana wao atazikwa Nyalgunga, Siaya. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, redio na magazeti yakawa hayana habari nyingine, na mwili ukakaa siku 154 kabla ya kuzikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Ukoo ndio ulioshinda.

8/ Kesi ile haikuhusu figo wala macho, tusiipotoshe. Lakini kila nyumba nchini ilitoka na funzo moja: neno la marehemu kuhusu mwili wake halimfungi aliyebaki. Alichosema akiwa hai kinasikilizwa, kisha wenye mwili wanaamua. Ukitaka kujua kwa nini muuguzi anaogopa kutaja neno "kutoa" mbele ya familia iliyogawanyika, anzia hapo. Wazee wa ukoo wapo kwenye korido, mke analia, na ndugu mmoja hajafika kutoka Mombasa. Nani ataweka sahihi? Wakati wanajadiliana, saa zinaendelea kuhesabu.

9/ Halafu ikaja tarehe 7 Agosti 1998. Bomu kwenye ubalozi wa Marekani, katikati ya jiji, liliua zaidi ya watu 200 hapa Nairobi na kujeruhi maelfu. Wengi walikuwa wamesikia mlipuko mdogo wa kwanza, wakakimbilia madirishani kuangalia. Mlipuko mkubwa ukawakuta hapo, nyuso kwenye vioo. Ndiyo sababu watu wengi sana waliumia macho siku ile. Siku hizo hizo watu wa Nairobi walipanga foleni ndefu kutoa damu, bila kuulizana kabila wala dini. Anayesema "Wakenya hawatoi" hajui ile foleni.

10/ Foleni ile ilifichua aibu: nchi haikuwa na huduma ya damu ya kitaifa inayoeleweka. Mwaka 2001 ikaanzishwa, kwa msaada mkubwa wa Marekani. Na hapa kuna somo la moja kwa moja kwa mjadala wetu. Damu nyekundu hukaa siku 35 hadi 42. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, hukaa siku 5. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, watu walijitokeza tena kwa wingi. Wema wa siku moja ni mkubwa, lakini hauwezi kuwekwa kwenye friji mpaka mwaka ujao. Mwaka 2019 fedha za Marekani zilipokoma, uhaba ulirudi upesi, na familia zikaambiwa tena zitafute wachangiaji wao wenyewe. Watu walikuwa wale wale. Kilichotikisika ni mpango.

11/ Turudi kwa macho. Kikuyu, hapo magharibi tu ya jiji, madaktari wa kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA walikuwa wakipandikiza konea mapema vya kutosha hata matokeo yao yakachapishwa kwenye jarida la Uingereza mwaka 1996. Walionyesha kwamba kazi hii inaweza kufanyika Afrika na ikafaulu. Loresho iko hospitali ya macho ya Lions SightFirst, yenye benki ya macho. Yaani kutoka Kangemi alikoishi mjomba wangu, Loresho ni ng'ambo ya barabara ya Waiyaki. Unaweza kwenda kwa miguu.

12/ Lakini miaka yote hii konea nyingi zinazopandikizwa hapa zimekuwa zikitoka ng'ambo, hasa Marekani, kwa ndege, ndani ya kisanduku cha baridi. Hebu fikiria hilo. Konea inasafiri maelfu ya kilomita na inafika ikiwa salama, kwa sababu kule kifo kikitokea kuna mtu ambaye kazi yake ni kupokea simu. Konea ya Kangemi inashindwa kuvuka barabara. Na wanaoingoja wengi ni vijana: konea zao zinachongoka mbele kama pia, miwani inashindwa kuwasaidia, na shule inakuwa taabu.

13/ Mwaka 2017 tukapata Sheria ya Afya. Sehemu yake moja inahusu viungo, damu na tishu. Mtu mwenye uwezo wa kuandika wosia anaweza kutoa mwili wake au sehemu yake kwa njia tatu: ndani ya wosia, kwa karatasi yenye sahihi yake na ya mashahidi wawili, au kwa kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wawili. Soma tena hiyo ya tatu. Mjomba wangu alisema mbele ya watu sita, sufuria ya chai ikiwa katikati ya meza. Kwa maneno ya sheria alikuwa na mashahidi wa kutosha na wengine wakabaki. Sheria hiyo hiyo inakataza kuuza na kununua kiungo, na adhabu yake ni kali.

14/ Kwa hivyo hoja ya kwanza, ya mila, ina ukweli nusu. Hofu ipo, na kesi ya 1987 iliiongeza. Lakini figo zinazopandikizwa hapa kwetu zinatoka zaidi kwa watu walio hai: dada, kaka, mama, binamu. Mtu anakubali kulala kwenye kitanda cha upasuaji ili ndugu yake aache kusafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki. Huyo utamwambia ana mila ya kunyima? Viongozi wa dini nao hawakukaa kimya. Baraza la kimataifa la fiqhi ya Kiislamu lilipitisha azimio mwaka 1988 la kuruhusu upandikizaji kwa masharti, na Papa Yohane Paulo II aliusifu utoaji wa viungo kama tendo la upendo.

15/ Na hapo kuna upotevu ambao hauonekani kabisa. Figo ikishapandikizwa, mwili wa mpokeaji unaiona kama mgeni. Lazima anywe dawa za kuutuliza mwili kila siku, maisha yake yote, na apimwe damu kujua kama dozi inatosha. Akikosa dawa wiki kadhaa, figo inaweza kufa. Sasa fikiria dada aliyetoa figo yake. Harambee ilifanywa, upasuaji ukafaulu, picha ikapigwa. Miaka miwili baadaye kaka anaanza kuruka dozi kwa sababu ya bei, figo inazima, anarudi kwenye mashine. Dada naye amebaki na moja. Figo hiyo imepotea sawasawa na konea ya mjomba, tofauti ni kwamba hii ilimwacha mtu na kovu.

16/ Hoja ya pili: tubadilishe sheria, kila mtu ahesabiwe mtoaji isipokuwa amekataa. Wanaoitetea hupenda kutaja Uhispania. Sawa, tuitazame Uhispania. Sheria hiyo waliiandika mwaka 1979. Miaka kumi ikapita na watoaji bado walikuwa kama 14 kwa kila watu milioni. Mwaka 1989 wakaanzisha shirika la kitaifa na kuweka waratibu ndani ya hospitali, wengi wao wakiwa madaktari wa wagonjwa mahututi. Hapo ndipo hesabu ikaanza kupanda, na siku hizi imepita 40 kwa milioni. Na mpaka leo familia inaulizwa. Rafael Matesanz, aliyeongoza kazi hiyo, amesema mara nyingi kwamba siri haikuwa sheria. Ilikuwa watu waliopangwa kazini.

17/ Tusidhani nchi tajiri hazipotezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha Marekani na Ufaransa kati ya 2004 na 2014. Marekani ilitupa karibu asilimia 18 ya figo zilizokwisha kuchukuliwa kutoka kwa marehemu. Ufaransa ilitupa kama asilimia 9. Figo nyingi walizozikataa Wamarekani, kwa sababu mtoaji alikuwa mzee au hakuwa na afya kamili, zingepandikizwa Ufaransa. Hospitali za Marekani zilikuwa zinaogopa takwimu zao kuharibika, kwa hivyo zikachagua mno. Somo kwetu: ukipima hospitali kwa upasuaji uliofaulu tu, bila kuhesabu viungo ilivyovikataa, utaifundisha woga.

18/ Hoja ya tatu: mashine. Hii tumeshaijaribu. Mwaka 2015 ulianza mpango mkubwa wa kukodisha vifaa vya hospitali, hospitali mbili kwa kila kaunti, mashine za kusafisha damu zikiwemo. Mahali kwingine ziliokoa maisha, tuseme ukweli. Mtu aliyekuwa akisafiri usiku kucha kuja Nairobi akapata huduma karibu na kwao. Lakini kamati ya Seneti ilipochunguza baadaye, ilikuta vifaa vingine vimekaa tu: hakuna wataalamu, au umeme hautoshi, au chumba hakijajengwa. Friji ya konea isiyo na mtu wa zamu usiku ni friji ya soda.

19/ Halafu kuna jambo ambalo lisipotajwa uzi huu utakuwa wa uongo: imani. Aprili 2025, baada ya ripoti za wanahabari kuhusu biashara ya figo, wizara ya afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret na kuunda jopo la kuchunguza. Nilisoma maoni ya watu wiki ile. "Kumbe ndiyo maana wanataka tutoe." Hiyo sentensi moja inapoteza viungo vingi kuliko barafu mbaya. Mtu hatasaini karatasi kama hajui figo yake itapewa nani, kwa foleni gani, na nani anakagua. Uwazi sio mapambo ya baadaye. Bila huo, familia itasema hapana pale kitandani, na haitakuwa na makosa.

20/ Basi, mgombea akija kwenu na hoja yoyote kati ya zile tatu, msimzomee wala msimshangilie kwanza. Mwulizeni haya:
Kifo kikitokea saa nane usiku katika hospitali ya kaunti, nani anapigiwa simu, na nani analipwa kuipokea?
Aliyesaini kwamba atatoa, jina lake linaonekana wapi?
Dawa za aliyepandikizwa zitalipwa na nani mwaka wa pili, wa tano na wa kumi?
Orodha ya wanaongoja inakaguliwa na nani asiye na maslahi?
Na je, kila mwaka tutaambiwa ni viungo vingapi vilitolewa na havikumfikia mtu?
Hilo la mwisho ndilo kipimo changu. Kitu kisichohesabiwa hakimuumi yeyote serikalini.

21/ Najua kuna atakayesema nchi ina shida kubwa kuliko macho ya maiti. Dawa za kawaida hazitoshi, madaktari wanagoma, akina mama wanafariki wakijifungua. Ni kweli, na sitaki kushindanisha vilio. Lakini angalia tena orodha ya maswali. Simu inayopokelewa usiku, rejista inayosomeka, dawa zisizokatika, ukaguzi wa wazi. Hospitali yenye hivyo vinne inamwokoa pia mama anayejifungua. Sidai chumba cha upasuaji cha dhahabu. Nadai zamu.

22/ Baada ya mazishi ya mjomba niliandika karatasi yangu. Mistari minne, sahihi yangu, sahihi ya dada yangu na ya jirani yetu. Nakala moja iko kwenye pochi, nyingine tumeibandika jikoni, na namba ya kupiga iko juu kabisa kwa herufi kubwa. Mama alipoisoma alinyamaza, halafu akauliza kama kuna kalamu. Kama umefika hapa, usinipe laiki tu. Waambie wa nyumbani unachotaka, leo, wakiwa wawili au zaidi. Na kama wewe ni muuguzi, daktari wa zamu au mhudumu wa mochari, tuambie hapa chini: mahali unapofanya kazi, familia ikiuliza "tunampigia nani?", wewe unajibu nini?